Pasipoti ya bluu Marangu Mtoni: kisa cha familia iliyorudi nyumbani Krismasi

Familia yenyewe ni ya watu wanne, wanaishi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Baba ni Mchaga wa Marangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Mama ni mwenyeji wa Muheza, Tanga. Binti yao alikuwa na miaka 15 wakati wa safari, na mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka 9. Desemba 2024 walikwenda Tanzania kwa mara ya kwanza wote wanne pamoja tangu 2017, wakatua uwanja wa Kilimanjaro tarehe 20 na kuondokea Dar es Salaam tarehe 4 Januari. Katikati hapo nusura undugu uvunjike, na waliporudi Uingereza baba alilazwa hospitali.

Nimezungumza na baba, na mama, na kaka mkubwa wa baba anayeishi Marangu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wameniruhusu kuandika. Majina nimeyaacha, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha wasitambulike. Ninaandika kwa sababu naona nyumba nyingi za Watanzania walio nje zimebeba jambo hilihili zikiwa zimenyamaza, na kila Desemba linapanda nao ndege.

Tarehe 23, saa tano asubuhi, kaka mkubwa na baba walishuka Marangu Mtoni kununua mahitaji ya sikukuu. Baba akataka laini ya simu. Wakala alikuwa chini ya mwavuli wake kando ya barabara, na kifaa cha alama za vidole mkononi. Akauliza namba ya NIDA kama anavyomuuliza kila mtu, kwa maana tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ilizimwa, na hakuna wakala anayethubutu kuuza kienyeji. Baba akasema hana NIDA. Kwa hilo hakusema uongo, kwani aliondoka 2006, kabla vitambulisho hivyo havijaanza kutolewa. Wakala akamwambia, "Basi haiwezekani, bro, labda uwe mgeni, mgeni anasajili kwa pasipoti." Baba akasimama kidogo. Halafu akatoa pasipoti mfukoni.

Ilikuwa ya bluu iliyokolea, ya Uingereza. Wakala akaifungua, akapiga picha ukurasa wa kwanza, akaandika "Uraia: Uingereza" huku akiusoma kwa sauti, kama kazi yake inavyomtaka. Kaka mkubwa alikuwa amesimama hatua moja pembeni, ameshika mfuko wa sukari. Hakusema neno. Njia nzima ya kupanda nyumbani hakusema neno.

Baba alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2019. Sababu zake ni za kawaida na sioni aibu yoyote ndani yake: kila baada ya muda alikuwa analipia upya kibali cha kuishi kwa pesa nyingi, kazini alikuwa anatakiwa kusafiri nchi za Ulaya na kila safari ilikuwa viza, na watoto walishakuwa na uraia wa kule. Mkewe hakuchukua. Yeye alibaki na pasipoti ya Tanzania na kibali cha kudumu cha kuishi, akisema mama yake hangemwelewa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kuna raia wa Uingereza mmoja, raia wa Tanzania mmoja, na watoto wawili walio katikati.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiuchukua wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma wenyewe. Hakuna barua unayoandikiwa wala kikao unachoitiwa. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, na majirani kadhaa wanaruhusu, ndiyo maana Watanzania wengi huko nje huona Wakenya wenzao wakipita uwanjani kwa raha na kudhani kwetu nako mambo yatakuwa hivyohivyo. Hayakuwa hivyo mwaka 2019 na hayako hivyo leo. Baba aliporudi msibani mwaka 2022 kumzika mzee wao, aliingia kwa viza ya dola 50 kama mtalii yeyote anayekuja kuupanda mlima. Ndugu zake waliokuwa wakimsubiri nje ya uwanja hawakujua. Simu alitumia ya kaka yake.

Kilichofanya jambo hili liwe zito ni kihamba. Kwa asiyejua, kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga, migomba na kahawa na nyumba na makaburi ya wazee mahali pamoja, na hakiuzwi hivihivi. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume ana fungu lake, na wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba na mama. Mwaka 2022, siku chache baada ya mazishi, ukoo ulikaa ukakubaliana kwamba kitinda mimba ndiye atakayekuwa na boma la mzee. Mama yao, ambaye wajukuu wanamwita Bibi, angeendelea kuishi hapo hadi mwisho wake. Baba alikaa kwenye kikao kile, akasikia, akaitikia. Pasipoti yake ya bluu ilikuwa ndani ya begi chumbani.

Tangu siku ile kaka mkubwa, anayeishi umbali wa kupiga mluzi, alikuwa anakata migomba ya mdogo wake, anasimamia vibarua wa kahawa, anafukuza mbuzi wa jirani, na mara mbili alikataa kumpa mpwa wao sehemu ya kujenga kwa sababu "hapa si pangu, ni pa mdogo wangu, akija ndiye ataamua." Baba naye alituma pesa za bati la nyumba, na zilipofika bati lilipigwa kweli. Hawa ni ndugu wanaopendana. Sikuona tamaa kwa yeyote kati yao, na nasisitiza hilo kwa sababu mtu akisikia habari ya kihamba haraka hufikiria ugomvi wa ardhi.

Usiku wa tarehe 23 kaka mkubwa alimwambia mama yao kwanza. Hapa ninamlaumu kidogo, na nimemwambia: angemuuliza mdogo wake kabla. Bibi hakulala. Asubuhi ya mkesha akamwita kitinda mimba wake jikoni, moshi umejaa, machalari jikoni, akamuuliza swali moja: "Kwa hiyo ukifa watakuzika wapi?" Baba ananiambia kwamba katika maswali yote aliyokuwa akijiandaa nayo tangu 2019, ya pesa na ya ardhi na ya sheria, hilo halikuwemo.

Krismasi ilipita kwa adabu. Walienda kanisani, KKKT, na baada ya ibada ukawepo mnada wa sadaka za mazao kama kawaida. Mnadi akamwona baba, akatangaza kwamba leo kuna mgeni kutoka Uingereza, na mkungu mmoja wa ndizi ukapanda hadi shilingi 150,000 kabla baba hajaruhusiwa kuupumzisha. Ni zaidi ya pauni 45. Alilipa kwa moyo, ni kanisa alilobatiziwa. Lakini neno lile "mgeni", lililosemwa kwa furaha kabisa na mtu asiyejua kitu, lilimkuta kaka yake amekaa benchi la nyuma yake.

Shangazi yao, dada wa marehemu mzee, ndiye aliyeokoa sikukuu. Jioni ya Krismasi alimwambia baba aende akachume isale. Isale ni mmea wenye majani marefu unaopandwa mpakani mwa vihamba, na kwa Wachaga ukimpelekea mtu jani lake umekwenda kuomba radhi; anayepelekewa ni vigumu kukataa. Baba, mtu wa miaka 44 mwenye kazi ya kuvaa tai, alitoka na tochi ya simu akalichuma mpakani, akaomba chombo cha mbege, akaenda nyumbani kwa kaka yake na mtoto wake wa miaka 9 akimfuata nyuma. Kaka mkubwa akapokea. Akanywa. Halafu ndipo akasema maneno aliyokuwa ameyabeba: "Miaka miwili nimelinda shamba la mgeni. Ungeniambia tu. Mimi si Uhamiaji."

Kikao cha ukoo kilifanyika tarehe 27. Walikuwepo kama watu kumi na wanne, na mwenyekiti alikuwa baba yao mdogo. Nimesoma muhtasari wake, umeandikwa kwenye daftari la shule kwa mwandiko mzuri sana. Swali la kwanza lilikuwa la kisheria, na kijana mmoja wa ukoo anayefanya kazi halmashauri ndiye aliyeweka mambo sawa. Alieleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwamba kihamba chao kiko kwenye ardhi ya kijiji, ambako hati ya hakimiliki ya kimila huombwa na raia. Maana yake ni kwamba siku watakapokwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba hati kwa jina la kitinda mimba, kama walivyokuwa wamepanga kufanya Januari, wangekwama, au, kibaya zaidi, wasingekwama, na hati ingetoka kwa jina la mtu asiyestahili kuwa nayo, na ugomvi ungesubiri wajukuu. Kwa maoni yangu mwavuli wa yule wakala uliwaepusha na balaa kubwa zaidi.

Kisha shangazi akamgeukia mama wa nyumba: "Na wewe mkwe wetu, pasipoti yako ni ya wapi?" Mama akajibu ni ya Tanzania. Nyumba nzima ikamtazama. Mama ananiambia alihisi kama ameulizwa kama yeye ndiye atachukua shamba, na aliona wazi kwamba wengine hawakulipenda wazo la boma kwenda kwa mwanamke wa Muheza, hata kama ni mke wa halali na mama wa wajukuu wao. Akasema kwa utulivu kwamba hataki kihamba, anataka mume wake aweze kuzikwa kwa baba yake. Nadhani hakuna aliyesema neno la maana zaidi siku ile. Alikuwa amebeba siri ya mtu mwingine kwa miaka mitano, akiitikia simu za wifi zake, akikwepa maswali ya "mtarudi lini kabisa". Katika visa vya namna hii anayefikiriwa ni mwenye pasipoti. Mwenzi wake hakumbukwi.

Uamuzi ulikuwa huu: hakuna hati itakayoombwa sasa. Boma linabaki kwa Bibi, ambaye ni raia na yuko hai na ana akili timamu. Kaka mkubwa anaandikwa kwenye muhtasari kuwa msimamizi, na haki ya kitinda mimba kukaa, kujenga na kuzikwa hapo inatambuliwa na ukoo. Baba atatafuta ushauri wa wakili kabla ya hatua nyingine yoyote. Wote wakasaini. Ndafu aliyekuwa ameahirishwa siku ya Krismasi akaliwa jioni hiyo.

Kuna mtu mmoja hakuulizwa kitu kwenye kikao, naye alikuwa ameketi karibu na dirisha akisikiliza Kiswahili chote na Kichaga robo. Tarehe 29 walipokuwa njiani kwenda Muheza, wamepita Same, mkonge umeanza kuonekana pande zote, binti aliuliza: "Baba, mimi nikifika miaka 18 na mimi nitafutwa?" Alikuwa ameelewa sawasawa. Alipozaliwa mwaka 2009 baba na mama wote walikuwa raia wa Tanzania, kwa hiyo ana uraia wa kurithi, na mtoto anaweza kuwa na wa nchi mbili. Akifika 18 anatakiwa kuukana ule mwingine, la sivyo wa Tanzania unamtoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kitu cha kupoteza. Baba alitaka kumtuliza kwa kusema hilo ni la baadaye. Mama akakataa, akamweleza kila kitu, hapo hapo ndani ya gari, hadi walipofika Mombo kula. Mimi niko upande wa mama. Mtoto wa miaka 15 anaelewa, na miaka mitatu hupita upesi.

Mengine ya watoto hayana mengi. Mdogo alifurahi muda wote, alipewa kuku wake, akajifunza kuamkia watu wazima kwa kuinamisha kichwa. Dada yake wiki ya kwanza alichoka na kila mtu kumwambia amekonda, na kila mtu kumwambia amenenepa.

Pesa nazo zinahitaji kusemwa, kwa sababu ziliongeza joto. Walikuwa wameweka akiba pauni 6,500. Tiketi nne za Desemba zilikula zaidi ya nusu. Viza tatu, za baba na watoto, dola 150. Mabegi ya kilo 23 yalijaa viatu, simu mbili kuukuu, mashine ya kupima presha ya Bibi, na nguo. Kilichobaki kilitakiwa kutosha pande mbili, Marangu na Muheza, na walikosea mahesabu kwa jambo ambalo kila Mtanzania analijua na kila aliye nje hulisahau: shule zinafunguliwa Januari. Ndugu wanaokuja kukusalimia Desemba wana barua ya ada mfukoni, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Mama alikuwa na daftari lenye majina na kiasi, akalifuata Muheza bila kuyumba. Baba upande wa Marangu, baada ya tarehe 23, alitoa bila hesabu. Ananikubalia kwamba alikuwa analipa kitu kingine. Mtu mwenye hatia hawezi kusema "mwaka huu sina", na ndugu wenyewe walishangaa. Mmoja alimrudishia kaka mkubwa shilingi 200,000 akisema zimezidi.

Sasa Muheza. Walikaa hapo siku nne, na ndizo siku mama anazikumbuka kwa raha, machungwa yako kila mahali, mama yake anapika samaki wa nazi, hakuna anayeuliza pasipoti. Muheza iko chini, joto, mvua za vuli zimeacha maji, na mbu wake wana historia: watafiti wa malaria wamekuwa wakifanya kazi wilaya ile kwa miongo mingi, na sababu yao ya kuwa pale si mandhari. Watoto walikuwa wanakunywa vidonge vya kinga vya kila siku, vile vya atovakwoni na proguanili, walivyoanza siku moja kabla ya kusafiri. Mama naye. Vidonge hivyo Uingereza kwa kawaida havitolewi bure, unavinunua, na baba akaona anaweza kupunguza hapo. "Mimi nimekulia huku," alisema. Usiku joto likimzidi alikuwa anakaa barazani na shemeji zake hadi saa sita, suruali fupi, chandarua kikimsubiri ndani.

Hakukulia huku. Alikulia Marangu, zaidi ya mita elfu moja na mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi ya mlima, ambako malaria ni chache kulinganisha na pwani. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengwa na kuugua mara kwa mara tangu utotoni, haiwi kamili hata kwa aliyezaliwa Muheza, na humtoka mtu akikaa nje ya eneo la malaria miaka michache. Baba alikuwa amekaa Uingereza miaka 18. Hakuwa na kinga yoyote ya kutegemea, wala huenda hakuwahi kuwa nayo ya maana. Alikuwa na mwili wa mgeni, na aliuchukulia kama wa mwenyeji, na hapa ndipo naona kisa hiki kinaungana: kwenye karatasi alijua amebadilika akaficha, kwenye damu alibadilika hata yeye hakujua.

Tarehe 13 Januari homa ilimshika. Uingereza ni majira ya baridi, kila mtu ana mafua, naye akameza dawa za maumivu akaenda kazini. Siku ya pili akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mama akapiga simu namba 111 ya ushauri wa afya, akaeleza homa na kutapika, akaelekezwa kumpa maji na kupumzika. Binti ndiye aliyeomba simu akasema, "Tumetoka Tanzania wiki iliyopita." Maelekezo yakabadilika mara moja: hospitali, sasa hivi, apimwe damu. Vipimo vilionyesha falsiparamu, aina kali ya malaria. Alilazwa usiku tatu, akaanzishwa dawa ya mshipa, akatoka mzima.

Mwaka 2023 Uingereza ilithibitisha zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria waliotoka nayo safarini, na kundi kubwa kati yao huwa ni watu kama hawa, waliokwenda kutembelea ndugu Afrika. Watalii wanakunywa vidonge. Sisi tunajisikia nyumbani. Malaria ya falsiparamu huanza kujionyesha kuanzia siku ya saba hivi baada ya kung'atwa, mara nyingi wiki ya pili, lakini inaweza kuchelewa, kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi mingi baada ya kurudi unamwambia daktari kwanza ulikotoka, hata kama hajauliza. Na vidonge vile vya kila siku havikomi uwanja wa ndege; vinaendelea siku saba baada ya kuondoka eneo la malaria. Mama alihakikisha watoto wamezimaliza siku zote saba, na sina shaka ndiyo sababu hawakuugua waliolala nyumba moja na baba yao.

Kuna jambo dogo la karatasi la mama ambalo nalitaja kwa kuwa liliwasumbua wengi msimu ule. Kadi yake ya ukaazi wa Uingereza iliandikwa kwisha tarehe 31 Desemba 2024, kama zilivyokuwa kadi nyingi, kwa sababu serikali ya kule ilikuwa inahamia kwenye viza za kielektroniki. Alikuwa ameshafungua akaunti yake mtandaoni kabla ya safari na kuiunganisha na pasipoti. Kaunta ya Dar es Salaam walimhoji dakika kumi, akaonyesha, akapita. Aliyejiandaa alikuwa ni yeye yuleyule mwenye daftari.

Nimemuuliza baba kama angerudisha saa nyuma angefanya nini. Hakusema angekataa uraia. Alisema angemwandikia kaka yake mwaka uleule wa 2019, kabla hata ya kula kiapo, na mwaka 2022 angenyanyua mkono kwenye kikao. Naamini hilo lingetosha. Nimepitia kisa hiki mara nyingi nikitafuta ni wapi kaka mkubwa angekataa, sioni. Mtu aliyelinda shamba miaka miwili bila kuomba senti angeweza pia kuilinda siri. Wanaohofia kuambiwa wamekana nyumbani wanasahau kwamba aliyebaki naye ana hofu yake, ya kwamba anatunza mahali pa mtu ambaye harudi, na hofu hiyo huzidi kadiri anavyonyimwa habari. Serikali inaweza kukunyang'anya uraia bila kukuita. Ukoo haufanyi hivyo. Ukoo hukaa, huuliza utazikwa wapi, na hupokea isale.

Sheria nayo ina lawama yake. Inamlazimisha mtu achague, na haimpi mahali pa kusimama akishachagua. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yaliyofungua njia ya hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Si uraia, haimpi mtu kura, lakini angalau inatambua kwamba baba huyu si mtalii wa mlimani. Wakili wake anaangalia hadhi hiyo inamfikisha wapi kwenye ardhi ya kijiji na mirathi, na amemwonya asifanye lolote kwa haraka wala kupitia mtu wa kati.

Binti ametimiza 16. Ameanza kumpigia Bibi simu kila Jumapili, kwa uamuzi wake mwenyewe, na amemwomba baba yake mdogo wa halmashauri amtumie orodha ya karatasi zinazohitajika kuthibitisha uraia wake wa kurithi kabla hajafika 18. Kaka mkubwa bado anakata migomba. Sasa hivi anataka kujua kama aruhusiwe kung'oa kahawa ya zamani upande wa chini na kupanda parachichi, na safari hii ujumbe aliutuma kwa wote wawili, mdogo wake na mkewe, akaandika: "Jibuni pamoja." Wakamjibu apande.